Tableti imekuwa nzito: niweke LineageOS, nifyeke takataka tu, au ninunue nyingine?

Kabuti_Mbao
Wadau, habari za jioni. Nina tableti ya Samsung ya kitambo kidogo, imekuwa nzito hadi inaudhi. Ukifungua YouTube unaweza kwenda jikoni, ukageuza chapati, ukarudi bado inafikiria. Jamaa wa kazini anasema niweke romu nyingine, yaani mfumo wa Android usio wa Samsung, kama LineageOS. Mke wangu anasema tununue nyingine. Watoto huifanyia kazi ya shule, mimi huingia benki humo humo. Sina haraka, ila shule zinafunguliwa wiki ijayo.

dawa_ya_moto
Samsung gani? Fungua mipangilio, Kuhusu tableti, utuandikie namba inayoanza na SM. Pia RAM, toleo la Android, na nafasi iliyobaki. Bila hizo tutakupigia ramli.

Mzee_wa_Romu
Mimi nasema LineageOS hata kabla ya kuona namba. Tableti ya Nexus 7 ya 2013 Google waliiacha kwa Android 6, Lineage ikaifikisha 11. Yangu bado inasoma PDF.

dawa_ya_moto
Mzee, wewe hata mtu akiuliza friji utamwambia LineageOS. Mwache mtu ajibu.

Kabuti_Mbao
SM-T500. Android 12. RAM nadhani 3.

dawa_ya_moto
Hiyo ni Tab A7 ya 2020, ya Wi-Fi tupu, Snapdragon 662. Samsung waliishia hapo kwenye 12, usingoje kingine. Lineage ipo, jina lake ni gta4lwifi. Usije ukapakua ya SM-T505, hiyo ni ya laini. Lakini ujue gharama: kufungua butiloda, ile programu ya kuwashia kifaa, kunafuta kila kitu, na Knox, ulinzi wa Samsung, ikisharuka hairudi, kwa hivyo Secure Folder, ile folda ya siri, ndiyo kwaheri. Programu za benki nyingi zitakukatalia. Netflix nayo huenda ikashuka hadi picha ya ukungu, kwa sababu Widevine, ulinzi wa video, hutoka kiwango cha L1 ikaenda L3. Nafasi iliyobaki hujasema.

Mama_Pipeline
Ngoja niwaambie yaliyompata kaka yangu. Alipeleka yake kwa fundi pale Luthuli Avenue, Nairobi, akaambiwa zunguka kidogo urudi. Fundi akafungua butiloda bila kumuuliza kama ana bakapu. Picha zote za ruracio, sherehe ya mahari, ya dada yetu, kwisha. Halafu akaweka romu bila kufomati data, tableti ikawa inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo. Kaka anarudi anaambiwa bodi imeungua, lete pesa ya bodi! Tukaibeba hivyo hivyo kwa kijana mmoja Kasarani. Akaizima, akabana batani zote mbili za sauti huku anachomeka kebo, skrini ikawa na rangi ile ya samawati, akarudishia mfumo wa Samsung kwa Odin, programu ya kompyuta ya kazi hiyo. Ikawaka. Bodi ilikuwa nzima kabisa. Picha ndizo hatujaziona hadi leo, na dada bado anauliza.

Mzee_wa_Romu
Hilo ni kosa la fundi, si la romu.

Mama_Pipeline
Sawa, lakini mtu wa kawaida atafanyiwa na nani kama si fundi?

otieno_kebo
Msiwatukane mafundi wa Luthuli wote, mimi nimekula huko miaka. Mteja anakuja amekunja uso, anataka kifaa saa hiyo hiyo, ukimuuliza bakapu anasema "wewe fanya tu". Na stima ikipotea katikati ya kuflashi, yaani kuweka mfumo, ni nani analaumiwa?

Mama_Pipeline
Fundi anaflashi kwa kompyuta ya mezani bila UPS, ile betri ya akiba, halafu ni stima?

otieno_kebo
Dada, UPS unajua bei yake?

kijana_wa_githurai
Tuachane na UPS. Kabuti, usifungue butiloda kama benki iko humo. Washa USB debugging, uunganishe na kompyuta, utoe takataka za Samsung kwa amri ya `adb shell pm uninstall --user 0` ukifuatisha jina la programu. Ukirudisha mipangilio ya kiwandani zinarudi, kwa hivyo hakuna kilichovunjika. Punguza animesheni hadi 0.5x. Yangu ilipumua.

Mzee_wa_Romu
Kupumua si kukimbia. Na mwaka ujao bado utakuwa na Android 12.

kijana_wa_githurai
Watoto wanafanya hesabu, hawarushi roketi.

njugu_karanga
Nunua tu ya ex-UK, iliyotumika Uingereza. Ila ulizia kwanza betri, na uhakikishe akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza imetoka, la sivyo utabaki na kioo cha kujitazamia.

Kabuti_Mbao
Asanteni. Nimeangalia nafasi: kati ya GB 32 imebaki MB 700.

dawa_ya_moto
MB SABA MIA? Mimi niliuliza hilo jana!

Kabuti_Mbao
Ni katuni za watoto wamepakua. Nikifuta watalia. Memori kadi inasaidia, ama?

Mzee_wa_Romu
Inasaidia kwa katuni. Lineage bado uiweke.

njugu_karanga
Mzee, hiyo Nexus 7 unauza?