Forester SG5, EJ205: kutoa TGV na kupanua manifoldi kwa mbio za mita 402

Flati4_Nax ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Niko Nakuru. Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, injini EJ205, gia tano za mkono, turbo ni TD04 iliyokuja nayo. Ekzosi inchi 3 kuanzia turbo hadi nyuma, filta ya hewa nimebadilisha, intakula (kipoza hewa ya turbo) bado ni ile ya juu ya injini. Imetyuniwa busti (presha ya turbo) ya bar 1.0 kwa petroli ya oktani 95. Turbo kubwa siweki mwaka huu.

Nataka kushughulikia upande wa kuingiza hewa kabla msimu haujaanza. Fundi mmoja ananiambia nitoe TGV (vipepeo vya hewa vilivyo chini ya manifoldi), nipanue matundu ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), niweke spesa za plastiki ngumu chini yake na throto kubwa. Mwingine anasema nikate mikono (mabomba) ya manifoldi iwe mifupi na niigeuze itazame mbele. Kipi kina faida kweli kwenye mita 402, kipi ni kupoteza hela? Na kama ni kutoa TGV, kazi yenyewe inafanywaje bila kuua injini?

---

Mzee_wa_Porti amejibu:

Mkuu, kabla hujanunua chochote, jua kwanza hewa inabanwa wapi. Kwenye gari lako inabanwa na turbo. TD04 inaamka mapema, lakini ukipita 5,500 rpm inakata pumzi, na hakuna manifoldi itakayoiongezea. Kwa hiyo kutoa TGV kutakupa kidogo leo na kikubwa siku utakayobadilisha turbo. Bado ni kazi ya kufanya, kwa sababu ni ya mikono tu, na nyumba zile ukishazisafisha zitabaki hivyo kwa turbo yoyote itakayofuata.

TGV ni vile vipepeo vilivyo kati ya manifoldi na silinda hedi. Vinajifunga injini ikiwa baridi ili hewa izunguke na kuchanganyika vizuri na petroli, moshi uwe safi. Injini ikipata moto vinafunguka, lakini shafti yake na kile kigawanyo cha katikati vinabaki njiani muda wote, hata ukiwa umekanyaga mpaka chini.

Anza kwa kutoa presha ya petroli: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Toa intakula, weka alama kwa tepu kwenye kila soketi na kila mpira wa vakyumu, halafu inua manifoldi pamoja na nyaya zake. Matundu ya hedi yazibe mara moja kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Kitambaa kilichosahaulika ndani kinaua valvu kama nati tu.

Skrubu za vipepeo zimepondwa ncha kiwandani zisilegee. Ukizilazimisha kwa bisibisi kichwa kitaisha. Saga ncha hizo kwa tupa ndogo kwanza, ndipo ufungue, utoe kipepeo na kuvuta shafti. Kigawanyo ondoa kwa biti ya kabaidi ya kukatia alumini, ile yenye meno mapana. Biti ya kukatia chuma yenye meno madogo itajaa alumini ndani ya dakika moja na kuanza kurukaruka. Chovya biti kwenye mafuta ya taa kila baada ya muda mfupi.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaharibu. Weka gasketi mpya juu ya nyumba ya TGV, chora kingo zake kwa msumari uliochongoka, na usivuke mstari huo. Jambo la kuangalia ni mdomo unaokutana na hewa. Hewa ikitoka tundu dogo kuingia kubwa, hasara ni ndogo. Ikitoka tundu kubwa na kugonga ukingo wa tundu dogo, umeweka ukuta mahali palipokuwa laini. Kwa hiyo tundu la kutokea la nyumba ya TGV liwe sawa na la hedi au dogo kwa nusu milimita, lisizidi kamwe. Ukitaka kupanua zaidi lazima ufungue na hedi, na hiyo ni kazi ya injini ikiwa chini.

Kiti cha nozeli usikiguse. Maliza kwa msasa namba 80, using'arishe kama kioo. Uso wenye chembe kidogo unasaidia petroli isitiririke ukutani.

Matundu ya shafti ndiyo yatakayokusumbua baadaye ukiyafanya ovyo. Gundi ya epoksi peke yake usitumie, kwa joto na petroli itaachia na itaingia silinda. Chaguo ni mbili: ama mtu wa TIG ayachomelee, ama upige uzi kwa tapu na kukaza vizibo vya alumini vyenye gundi ya kufungia uzi, upande wa ndani uvisage viwe sawa na ukuta. Ukichomelea, funga nyumba kwenye bamba nene la chuma kwanza isipinde, kisha ikipoa pima uso kwa rula ya chuma na fila geji. Karatasi ya 0.10 mm ikipita, peleka ikasawazishwe.

Mwisho osha. Sumaku haishiki alumini, kwa hiyo usidhani umesafisha kwa kupitisha sumaku. Maji ya moto, sabuni, brashi ndefu, upepo wa kompresa, rudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Rudisha kwa gasketi mpya bila silikoni, bolti za manifoldi kaza 25 Nm kwa awamu mbili, ukianzia katikati kwenda nje.

---

BarMoja_Tyuni amejibu:

Mzee_wa_Porti kaeleza ya spana, mimi naongeza ya kompyuta na ya hewa.

Ukichomoa mota na sensa za TGV bila kuizima kwenye programu, taa ya injini itawaka na baadhi ya kompyuta zitabadilisha namna zinavyotoa petroli. Zima TGV kwenye tyuni siku hiyo hiyo. Asubuhi za Nakuru zenye baridi mashine itatetemeka dakika ya kwanza kwa sababu mchanganyiko hauzungushwi tena. Ongeza petroli kidogo kwenye jedwali la kuwashia baridi, usiguse jedwali la mzigo.

Suala la mwinuko usilipuuze. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ya nje ina takriban 81 kPa badala ya 101 ya Mombasa. Geji yako ikisema bar 1.0, Mombasa injini inapata 201 kPa, Nakuru inapata 181. Turbo nayo inafanya kazi ngumu zaidi: Mombasa inabana hewa mara 2.0, Nakuru mara 2.23. Ukitaka Nakuru upate 201 ile ile, lazima ibane mara 2.48, na hapo TD04 inatoa hewa ya moto tu. Ndiyo maana huku juu kila uvujaji mdogo unauma: turbo tayari iko ukingoni, na hewa inayotoroka inabidi iitafute tena.

EJ205 inapima hewa kwa sensa ya MAF iliyo kabla ya turbo. Kama kizibo cha shafti kinavuja, dalili ni mbili zinazopingana. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, hewa isiyopimwa inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu na mashine inapandapanda. Ukiwa kwenye busti, hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, mchanganyiko unakuwa mzito na moshi mweusi unaonekana. Mtu akija na gari lenye dalili zote mbili kwa pamoja, natafuta tundu kabla ya kufungua kompyuta.

Kipimo chake ni rahisi. Kifuniko cha bomba la plastiki kinachotoshea mdomo wa turbo, ukitie valvu ya tairi katikati. Ziba mpira wa mvuke unaotoka tumbo la injini, la sivyo utapulizia sili za kranki. Jaza polepole hadi bar 1.0, usizidi, nyunyiza maji ya sabuni. Angalia vizibo vya TGV, sili za nozeli, shafti ya throto, na mpira wa bomba la Y chini ya intakula. Sauti ya hewa ndani ya ekzosi au kwenye kifuniko cha oili ni ya kawaida, inapita kwenye valvu iliyo wazi au kando ya ringi.

Baada ya hapo rekodi gia ya tatu kuanzia 2,500 hadi mwisho. Kwa oktani 95 nataka AFR (uwiano wa hewa kwa petroli) ya 11.0 hadi 11.3 kwenye busti kamili. Tazama kigezo cha IAM, kinachoonyesha kompyuta inavyoamini muda wa cheche: kikishuka chini ya kikomo chake, yaani 16 kwenye kompyuta za zamani au 1.0 kwenye mpya, kuna kugonga (petroli inaripuka ovyo ndani ya silinda) na usiende kwenye mstari. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, na silinda namba 4 ndiyo inayojulikana kwa kuvunjika pale kati ya ringi. Kugonga mara chache kwenye gia ya nne kunatosha.

---

Mikono_Mirefu amejibu:

Kukata mikono ya manifoldi acha kabisa kwa turbo hii. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Valvu ikifunga, wimbi la presha linakimbia hadi mdomo wa mkono na kurudi, mara mbili kwa kila namba ya wimbi kwa sababu linageuka kwenye mdomo, na unataka lifike valvu inapofunguka tena. Urefu kwa mita, kuanzia valvu hadi mdomo ndani ya chumba cha manifoldi:

mwendo wa sauti × digrii ambazo valvu imefungwa ÷ (24 × rpm × namba ya wimbi)

Hewa ya nyuzi 40 sauti inakwenda kama 355 m/s. Chukua mfano wa kamshafti ambayo digrii zake za kufunga ni 500. Kwa wimbi la tatu, 6,000 rpm inataka milimita 411, na 7,000 rpm inataka 352. Ukifupisha unasogeza nguvu kwenda juu, mahali ambapo TD04 imeshaishiwa. Umepoteza mvuto wa kuondokea na hujapata chochote mwishoni. Kwenye Forester nzito, mita 18 za kwanza zinaamua mengi kuliko kilomita za mwisho kwenye geji.

Kugeuza manifoldi kuna maana pale intakula inapokuwa mbele ya rejeta, kwa sababu bomba linafupika. Yako iko juu, hakuna cha kufupisha.

Throto usinunue kabla ya kupima. Chomeka mpira mmoja kabla ya throto na mwingine kwenye manifoldi, geji moja ya tofauti ya presha katikati, kanyaga mpaka chini hadi 6,500. Tofauti ikiwa chini ya bar 0.05, throto yako inatosha. Throto kubwa itakupa tu kanyagio gumu kulipima unapoondoka.

Spesa ni kitu kingine. Hazikuongezei nguvu ukiwa unakimbia, zinakusaidia ukiwa kwenye foleni ya kusubiri mbio, injini inapochemka na kupasha manifoldi. Ya milimita 3 inaingia kwa urahisi. Ya 8 inadai bolti ndefu zaidi, inainua manifoldi, na mabano ya intakula hayakutani vizuri, hapo ndipo bomba la Y linapoanza kuvuja. Pamoja na spesa, pitisha maji ya moto pembeni ya throto: unganisha mipira yake miwili kwa kiungo cha shaba. Maji hayo yamewekwa kwa nchi za theluji, huku kwetu throto haigandi.

---

Flati4_Nax:

Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Basi throto na kukata mikono naacha. Nafanya TGV, spesa ya milimita 3 na kipimo cha uvujaji. Swali dogo: nikishaweka spesa, gasketi zinakuwa mbili kila upande au moja? Na barafu juu ya intakula kwenye foleni inaruhusiwa?

---

Mzee_wa_Porti:

Moja kila uso, mkuu. Spesa ina nyuso mbili, kwa hiyo gasketi mbili, labda kama spesa yako ina mifereji ya o-ringi. Plastiki ngumu hujikandamiza ikipata moto, kwa hiyo baada ya kuendesha na kupoa mara mbili, rudia kukaza kwa 25 Nm injini ikiwa baridi kabisa. Usikaze ikiwa moto, utaponda spesa na kuharibu uzi wa hedi, na uzi ule ni alumini.

---

BarMoja_Tyuni:

Barafu weka ndani ya mfuko usiovuja, na uutoe kabla ya kuingia eneo la kupasha tairi. Pangusa intakula na chini ya boneti kwa kitambaa. Tone la maji likidondoka kwenye mstari unarudishwa nyuma, na aliye nyuma yako anaweza kuteleza.