Ushauri: kuna aliyetoa rangi kwenye kioo cha kompyuta ili atulie na kazi?

Muuza Vitenge: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vitenge Kariakoo, mahesabu nafunga mwenyewe usiku kwenye laptop. Shida nikiiwasha tu, macho yanakimbilia vile vidoti vyekundu vya ujumbe, mara picha za video YouTube. Nakuja kushtuka saa sita, mauzo bado sijajumlisha. Jirani yangu wa duka kaniambia nitoe rangi zote, kioo kibaki kijivu kama TV za zamani, eti hamu inakata. Kuna aliyejaribu? Natumia Windows 11. Hofu yangu ni Excel, maana wadaiwa nimewapaka nyekundu na waliolipa kijani.

Binti Mbagala: Inasaidia, ila usitegemee miujiza. Kinachopungua ni kule kubofya kitu kwa sababu kimeng'aa. Umbea ukiwa mtamu utausoma hata bila rangi 😂

Fundi Mwenge: Mkuu, ingia Settings, Accessibility, Color filters, chagua Grayscale. Hapo hapo ruhusu njia ya mkato ya kibodi. Baada ya hapo unabonyeza Windows, Ctrl na C kwa pamoja, rangi zinaondoka. Ukibonyeza tena zinarudi. Faili haliguswi, kinachobadilika ni kioo tu, hata ukiprinti rangi zinatoka kama kawaida. Ila kwa wadaiwa uko sahihi kuogopa: nyekundu na kijani zikiwa kijivu zinaweza kufanana kabisa. Ongeza safu uandike "anadaiwa" au "kalipa". Na ungetakiwa uwe nayo siku zote, rangi au bila rangi.

Mtoto wa Tandika: Betri nayo inakaa zaidi?

Fundi Mwenge: Kama kioo ni LCD, na laptop nyingi ndivyo zilivyo, hapana. Taa ya nyuma inawaka vilevile. Punguza mwanga, ndiyo dawa.

Muuza Vitenge: Asanteni wakuu, nimeshaweka, na safu nimeongeza. YouTube imepooza kweli, imekaa kama gazeti. Ila mteja wa Mbezi katuma picha za vitenge vitatu anauliza kipi kimebaki dukani, naviona vyote kama kimoja! Nimebonyeza rangi zikarudi, nikamjibu. Sasa hapo hapo nikajikuta naperuzi tena.

Binti Mbagala: 😂😂 Wateja wajibu kwa simu, laptop iache na mahesabu yake.