Miaka miwili tuliyoahidiwa chuo cha jamii haipo kwa anayesoma sayansi ya mazingira

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninasoma sayansi ya mazingira katika chuo kimoja cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili ya mwanzo) hapa California, kwenye bonde la kati la kilimo, kwa nia ya kuhamia chuo kikuu cha umma na kumalizia shahada yangu huko. Ahadi niliyopewa siku ya kujisajili ni ile ile wanayopewa vijana wetu wengi walioko huku, na ndiyo wanayosikia walioko Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu kutoka kwa mawakala wa vyuo: soma miaka miwili kwa ada nafuu, kisha miaka miwili chuo kikuu, na shahada utakayopata ni sawa na ya aliyeanzia chuo kikuu moja kwa moja. Kuhusu ada ahadi hiyo ni ya kweli, walau kwa mkazi wa jimbo, kwa sababu uniti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo, imekuwa dola 46 tangu mwaka 2012 ilhali ada ya Chuo Kikuu cha California, yaani UC, inapita dola 13,000 kwa mwaka. Ni ile miaka miwili ndiyo isiyokuwepo, na wanaotusajili wanalijua hilo.

Muhula wa kwanza mshauri wa masomo aliniandikia Kiingereza, historia ya Marekani, mawasiliano na utangulizi wa sayansi ya mazingira. Muhula wa pili ukafuata mtindo huo huo. Nilipouliza kemia nitaanza lini, nilijibiwa kwamba nimalize kwanza masomo ya jumla, yale yanayodaiwa kwa wanafunzi wa fani zote, ili nisilemewe. Jibu hilo lingeweza kumfaa anayesoma saikolojia, lakini kwa mtu wa fani yangu lilikuwa na maana ya mwaka mzima kupotea, kwa sababu kemia ya jumla ina sehemu mbili zinazofuatana na huwezi kukaa kwenye ya pili kabla ya kufaulu ya kwanza, na kampasi inayodai kemia ya kaboni haikuruhusu kuigusa kabla ya kumaliza zote mbili. Kalkulasi nayo ina mfuatano wake, fizikia inaisubiri kalkulasi, na biolojia ya ngazi hii inachukua mihula miwili yenye maabara. Ukianza kemia mwaka wa pili, hakuna bidii wala akili itakayokufikisha mwisho wa mnyororo huo ifikapo majira ya kuchipua, na UC inataka masomo ya lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa vuli unaohamia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili si siri. Maelekezo ya UC yenyewe yanawashauri wanaotaka fani zenye sayansi nyingi watangulize masomo ya fani, na masomo ya jumla yafuate baadaye. Bunge la jimbo nalo, katika sheria ya mwaka 2021, liliruhusu shahada za uhamisho za fani za sayansi, yaani zile za chuo cha jamii zinazomwandaa mwanafunzi kuhamia chuo kikuu, zivuke kikomo cha uniti 60 na kufika 66, jambo ambalo ni kukiri kwa maandishi kwamba uniti 60 hazitoshi. Ikiwa watunga sheria wanajua na chuo kikuu kinajua, mshauri anayelipwa kwa kazi hiyo hawezi kuniambia kwamba yeye hakujua.

Halafu kuna suala la kampasi. UC ina kampasi tisa zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kila moja ina orodha yake ya masomo inayoyatambua kutoka kila chuo cha jamii, kwa kila fani, kwa kila mwaka. Mikataba hiyo huwekwa kwenye tovuti ya ASSIST, na nashukuru ipo, lakini jaribuni kuisoma bila msaada mkiwa na nia ya kuomba nafasi Davis, Berkeley na Santa Barbara kwa wakati mmoja, mtaona jinsi somo linalodaiwa huku halidaiwi kule. Isitoshe, Berkeley na Merced hufuata mihula miwili kwa mwaka na nyingine hufuata vipindi vya robo mwaka, kwa hiyo hata hesabu ya uniti inabadilika. Somo langu la utangulizi wa sayansi ya mazingira, ambalo ndilo pekee lililobeba jina la fani yangu katika mwaka mzima wa kwanza, kwenye mkataba wa kampasi niliyoitaka lilihesabiwa kama somo la jumla tu. Kemia ambayo niliambiwa isubiri ndiyo iliyokuwa mlango.

Nilipoanza hatimaye kujenga mnyororo huo, sehemu ya pili ya kemia ikafutwa siku chache kabla ya muhula kufunguliwa, kwa maelezo kwamba waliojisajili ni wachache. Tulishauriwa tuitafute katika chuo jirani, ambako madarasa ya maabara yalikuwa yamejaa. Darasa la sayansi linahitaji maabara, fundi wa maabara na kemikali, na ninaelewa kwamba ni ghali kuliko darasa la historia. Ila chuo kinachotangaza fani ya mazingira katika kila bango lake kisha kikakata kemia ya fani hiyo kwa sababu ya gharama kinapokea ada kwa kitu ambacho hakikitoi.

Msidhani ninasimulia mkosi wa mtu mmoja. Mkaguzi wa jimbo la California alitoa ripoti mwaka 2024 iliyoonyesha kwamba, kati ya walioingia vyuo vya jamii kuanzia 2017 hadi 2019 wakiwa na nia ya kuhamia chuo kikuu, takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa amehama ndani ya miaka minne. Hiyo ni miaka minne, siyo miwili, na ni kwa fani zote pamoja.

Muhula unaopotea haurudi bure. Msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, unaoitwa Pell, una kikomo cha mihula 12 kwa maisha yako yote ya masomo, na mihula niliyoitumia kwa mpangilio mbovu imekwisha kukatwa humo. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi hali ni nzito zaidi: yeye hulipa ada ya asiye mkazi, ambayo ni mara kadhaa ya hizo dola 46, analazimika kubeba uniti 12 kila muhula, na darasa moja tu la mtandaoni, lisilozidi uniti tatu, ndilo linaloweza kuhesabiwa humo. Darasa la maabara likifutwa, hana pa kukimbilia ila kujaza nafasi hiyo na somo asilolihitaji na kulilipia kwa ukamilifu. Mzazi aliyeuza kiwanja Morogoro ili mwanawe aje huku anastahili kuambiwa haya kabla ya kutuma pesa.

Na wanaokwama ni akina nani? Ni watoto wa vibarua wa mashamba, ambao visima vya nyumbani kwao vina naitreti, kemikali inayochafua maji, kutokana na mbolea na samadi ya ng'ombe wa maziwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2014 kuhusu maji ya chini ya ardhi inataka mabonde yaliyonyonywa maji hayo kupita kiasi yawe yamerudishiwa uwiano kufikia mwaka 2040, na kazi hiyo inahitaji watu wa kupima visima, kusoma udongo na kukaa na wanavijiji kwa lugha yao. Nimesoma na vijana wanaoyajua maji ya visima hivyo tangu utotoni. Wawili niliokuwa nao kundi moja la maabara wamekwisha kuacha masomo na kurudi kwenye ghala la kufungasha matunda, na sikubali kuambiwa kwamba waliacha kwa uvivu.

Ninachodai kinawezekana. Mwanafunzi anayetaja sayansi ya mazingira siku ya kwanza apewe siku hiyo hiyo mpangilio unaoanza na kemia na hisabati, pamoja na mkataba wa ASSIST wa kampasi anazozilenga. Chuo kitangaze mapema muhula gani kitafundisha kila sehemu ya mfuatano, na kisiifute baada ya watu kujisajili. Kama njia ya kweli ni miaka mitatu, iandikwe mitatu kwenye bango.

Nimepeleka barua kwa mkuu wa idara na nakala kwa baraza la wanafunzi, na bado sijajibiwa. Waliopitia njia hii katika majimbo mengine, au walioomba kurejeshewa mihula ya Pell baada ya ushauri mbovu, naomba waandike hapa utaratibu walioutumia na ofisi iliyowasikiliza.