Nimemlilia Aunt May bure! Mlionituma nisome Spider-Man ya miaka ya 90 mjitokeze hapa

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Mimi Spider-Man nimemjulia kwenye filamu. Komiki zake za miaka ya 90 zilinipita zote. Juzi nikaona ngoja nizirudie, nikaanza na lile Sakata la Kloni (Clone Saga) la 1994 hadi 1996, kile kisa kirefu cha Spider-Man na kloni wake, maana humu hakuna mjadala unaoisha bila mtu kulitaja. "Kasome mwenyewe," mkaniambia. Haya, nimesoma.

Kwanza, nani alibariki hadithi moja itapanywe kwenye majarida 4? Sura ya kwanza iko Web of Spider-Man namba 117. Ya pili, Amazing Spider-Man namba 394. Ya tatu iko kwenye lile linaloitwa Spider-Man tu, namba 51, na ya nne Spectacular Spider-Man namba 217. Wenzetu wa enzi hizo walikuwa wakiyapata yanavyotoka, sawa. Mimi niliyekuja miaka 30 baadaye nina programu ya kusomea iliyopanga kila jarida kivyake: ukimaliza 394 inakurusha 395, nusu ya kisa umeiacha nyuma. Halafu mwishoni mwa 1995 wakabadilisha majina yote kwa miezi 2, Spider-Man ikawa Scarlet Spider, na programu ikaniambia hakuna toleo linalofuata. Nimesoma komiki daftari pembeni kama karani wa ghala!

Hilo nimesamehe. Nisichosamehe ni walichomfanyia Aunt May, yule bibi aliyemlea Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe.

Amazing namba 400, mwaka 1995. Jalada limetengenezwa kama jiwe la kaburi. Ndani, mwandishi J.M. DeMatteis anampeleka mama wa watu juu ya Empire State Building pamoja na Peter, na huko anamwambia kijana wake kwamba siri yake ya kuwa Spider-Man ameijua miaka yote. Baadaye anafia kitandani, Peter yuko ubavuni. (Wengi humwita shangazi, lakini ni mke wa kaka wa baba yake Peter, huyo ni mama mkubwa kabisa.) Nililia, wakuu. Mtu mzima, usiku, peke yangu, na simu mkononi.

Sasa njooni 1998. Mnajua tunaambiwa nini? Aliyekufa alikuwa mwigizaji. MWIGIZAJI! Norman Osborn, yule adui mkubwa wa Spider-Man, alimkodi mwanamke, akabadilishwa vinasaba afanane na Aunt May, na bibi mwenyewe yuko hai amefungiwa. Na huyo Osborn naye alikufa 1973, Amazing namba 122, wakamfufua 1996 ili sakata zima lipate wa kutupiwa lawama.

Kwa hiyo yule aliyesema pale juu ya ghorofa "nimejua siku zote" ni nani? Alijuaje? Yale machozi yangu nilimtolea nani, mtu wa kukodiwa?

Na msije na ile hoja yenu kwamba miaka ya 90 ni takataka tu, misuli iliyovimba, vijimfuko kila kiungo cha mwili na majalada ya kung'aa. Kwa hayo nilijiandaa. Ingekuwa takataka mwanzo mwisho ningecheka nikalala. Tatizo ni kwamba namba 400 ni nzuri, nzuri hasa, na waliokuja nyuma yake waliikuta imekamilika wakaenda kuifukua.

Kuna watu humu mlijua habari ya mwigizaji mkanyamaza, mkaniacha nijilize. Nawaulizeni, mlikuwa mnaogopa kuniharibia utamu? Utamu upi?

Asiniambie mtu "endelea, huko mbele panakaa sawa." Nimefuta yote niliyopakua. Nimebakiza namba 400.