Tupeane uzoefu: soya ilikauka mkiwa mnaiangalia

Mama Shamba: Wakuu habari zenu. Leo nimepita shambani nikakuta majani ya soya yana madoa ya njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe bado kijani, miguu ikaniisha nguvu maana nimekumbuka ule msimu. Maganda yalikuwa yanaanza kujaa, mvua zimenyesha mfululizo, kila anayepita ananisifia. Wiki mbili tu, madoa yakawa kahawia, majani yakapukutika, vikonyo vikabaki vimesimama kwenye shina kama njiti. Nikapiga dawa ya ukungu, nikarudia, nikasema labda pampu mbovu nikaazima nyingine. Wapi! Mtaalamu alipokuja majani hakuyagusa, aling'oa mche akapasua shina kwa kisu: katikati kweupe, ila chini ya gome kijivu, na mzizi umeoza una utando wa bluu. Akasema ni Fusarium virguliforme, fangasi inakaa mizizini tu, kwenye majani haipandi, kinachopanda ni sumu yake. Yaani muda wote nampulizia adui ambaye hayupo. Nani mwingine yamemkuta?

Jembe Butu: Hapo kwenye vikonyo umenigusa. Ndo hivyo hivyo.

Mzee wa Pampu: Hiyo ni kutu, ule ukungu wa majani. Piga dawa mapema utanishukuru.

Jembe Butu: Mzee, kutu unageuza jani unakuta vipele kwa chini, unga wake unashika kidole. Soma kwanza alichoandika.

Mzee wa Pampu: Nimesoma. Usinifundishe soya.

Bibi Kuku: Nyie mnalia majani. Mimi mvua ilinikuta maganda yameshakauka shambani, nikavuna yakiwa yamelowa nikajaza magunia. Kuja kufungua, punje zimesinyaa, zingine nyeupe kama chokaa, zingine pinki. Nikasema watu hawali hizi ila nguruwe hachagui, nikakaanga vizuri kabisa, nikasaga, nikachanganya na pumba. Wakanusa wakaondoka. Nguruwe huyo! Nikawakazia mpaka njaa ikawashinda wakala, usiku wakatapika banda zima. Halafu majike madogo, hata umri hawajafika, wakavimba nyuma kama wanatafuta dume. Daktari wa mifugo akauliza chakula kimetoka wapi, akasema hapo kuna sumukuvu mbili, yaani sumu za ukungu, vomitoksini ndo inayotapisha, na zearalenoni inajifanya homoni ya kike. Nikamwambia lakini nimekaanga! Akacheka. Moto unaua ukungu, sumu inabaki pale pale.

Kijana wa Banda: Subiri, walivimba KABISA? Wakapona?

Bibi Kuku: Nilibadilisha chakula uvimbe ukapungua taratibu. Ila usingizi sikupata.

Kijana wa Banda: Mbona sisi tunaambiwa lazima tukaange?

Jembe Butu: Kaanga, soya mbichi ina vitu vinazuia mnyama kumeng'enya protini, hivyo moto unavimaliza. Sumukuvu ni kesi nyingine.

Dada Mbegu: Mi nilipata punje zenye mabaka ya zambarau nikadhani aina mpya, nikazitenga nizipande peke yake 😂 kumbe ni fangasi, Cercospora kikuchii. Sumu yake ni nyekundu, gizani imetulia, ikipigwa na mwanga ndo inachoma seli za jani.

Mzee wa Pampu: Zambarau nzuri lakini.

Kijana wa Banda: Sasa dawa nini? Nipande mahindi misimu miwili?

Dada Mbegu: Kwa hiyo ya Mama Shamba mahindi hayasaidii sana, fangasi inajificha kwenye mabaki ya mahindi. Usipande mapema udongo ukiwa bado baridi na umelowa, tafuta mbegu inayostahimili, na pima minyoo ya mizizi, minyoo na fangasi wakiwa pamoja ni balaa.

Bibi Kuku: Na kausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13 ndo uweke stoo. Au fuga mbuzi uachane na soya.

Jembe Butu: Mbuzi nao wanakula soya 😂

Mama Shamba: Nimerudi. Nimeng'oa miche mitatu nikapasua, katikati kweupe, pembeni kijivu yote mitatu. Mzee wa Pampu njoo uone.

Mzee wa Pampu: Piga picha chini ya jani.