Taunishipu za Midwest zifutwe, kazi ziende kaunti?

Mtaa wa Ziwani (mleta mada):
Wadau, sizunguki mbuyu. Taunishipu, zile serikali ndogo za vijijini ndani ya kaunti katika majimbo ya Midwest (kaskazini ya kati ya Marekani), zifutwe. Minnesota peke yake ina taunishipu kama 1,780, na zipo ambazo wakazi wake hawafiki mia mbili. Kila moja ina wasimamizi wake watatu, karani na mtunza hazina. Kila moja inahangaika na greda, inanunua changarawe yake, inakata bima yake. Wakati huohuo kaunti ipo palepale, ina injinia, ina karakana. Indiana mwaka 2007 tume ya mageuzi ya serikali za mitaa, ile ya Kernan na Shepard, ilishasema taunishipu zifutwe. Sisi tunaendelea kuzilipia kwa sababu gani? Na msiniletee hisia. Kupitisha greda kwenye barabara ya vumbi si kazi ya kuhitaji serikali nzima, ni kwenda tu na kurudi.

Karani Mstaafu:
Indiana haikusaidii hapo, mkuu. Taunishipu za kule hazina barabara tangu 1932, zilichukuliwa na kaunti. Ugomvi wao ulikuwa juu ya msaada kwa maskini, zimamoto na makaburi. Mtendaji ni mmoja, wanamwita trasti, na baraza la watu watatu linamkalia kwenye bajeti. Bunge la jimbo lilichukua vipande vya ile ripoti, hasa kuwaondoa wathamini wa kodi, taunishipu zenyewe zikabaki. Minnesota barabara ndiyo kazi kubwa, ukiiondoa hakibaki kingi cha kufuta.

Na kuna jambo umeliruka. Jumanne ya pili ya Machi wananchi wanakaa ukumbini, wanapitisha wenyewe kiwango cha kodi cha mwaka unaofuata. Bodi ya wasimamizi hairuhusiwi kukivuka. Nionyeshe kaunti inayofanya hivyo.

Greda Taratibu:
"Kwenda tu na kurudi." Huyu greda ameiona kwenye kalenda.

Sikiliza. Barabara ya changarawe inatakiwa iwe na mgongo, nusu inchi kwa kila futi, yaani asilimia 4. Barabara ya futi 24, kutoka kati hadi ukingoni ni futi 12, kwa hiyo katikati iwe juu kwa inchi 6. Ukipunguza, maji yanalala juu na mashimo yanaanza. Ukizidisha, watu wanaogopa kuteleza wanaendesha katikati, mnaanza kugongana kwenye vilima. Bapa la greda liwe limekata kona ya nyuzi 30 hadi 45, mwendo maili 3 mpaka 5 kwa saa. Ukizidisha mwendo mashine inaanza kurukaruka, na pale inaporuka ndipo inapochora mawimbi yatakayowatikisa meno wiki nzima.

Sasa piga hesabu. Taunishipu ina maili 30, kila maili mapito matatu, hizo ni maili 90. Kwa mwendo wa maili 4 ni saa 22 na nusu, hujageuza, hujajaza mafuta, hujabadilisha makali. Na hiyo ni raundi moja tu.

Kijana wa Iowa:
Iowa walihamisha barabara zote kwenda kaunti wakati wa Vita ya Pili, na hakuna aliyekufa. Mnatishana bure.

Mpima Mnyororo:
Ni 1929, sheria ya Bergman, si wakati wa vita. Michigan wakafuata 1931 kwa sheria ya McNitt, kule barabara ni za tume ya kaunti. Na taunishipu ya Michigan ikitaka barabara yake ya ndani ijengwe upya, kwa kawaida inaambiwa ilete mchango wake. Kufutiwa mzigo na kufutiwa bili ni mambo mawili.

Kijana wa Iowa:
Mwaka si hoja. Hoja ni kwamba inawezekana. Iowa taunishipu zimebaki na zimamoto, makaburi na ugomvi wa nyua, na watu wanalala usingizi.

Mtaa wa Ziwani:
Asante kijana. Na wewe Greda umenisaidia bila kujua. Kama ni utaalamu kiasi hicho, basi apewe mwenye wataalamu. Taunishipu ni mraba kamili wa maili za mraba 36, zipange kumi kumi, greda nne za kaunti zinamaliza.

Mpima Mnyororo:
Hilo la "mraba kamili" lifutwe kwanza, halafu tuendelee.

Kwa sheria ya ardhi ya 1785 taunishipu ni maili 6 kwa 6, seksheni 36 (vipande vya maili moja kwa moja), kila moja ekari 640. Kwenye karatasi. Ardhini mistari ya kaskazini–kusini inasogeleana kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo ukingo wa kaskazini unatoka mfupi kuliko wa kusini. Ongeza na makosa ya watu waliokuwa wakiburuta mnyororo wa futi 66, mara 80 kwa kila maili, kwenye vinamasi na mbu. Kanuni ikasema ziada au pungufu yote isukumwe kaskazini na magharibi. Namba zinaanza kona ya kaskazini mashariki, 1 hadi 6 kuelekea magharibi, 7 iko chini ya 6, mnarudi mashariki, mpaka 36 kona ya kusini mashariki. Kwa hiyo zinazobeba makosa ni 1 mpaka 6, kisha 7, 18, 19, 30 na 31. Seksheni ya 6 inapigwa pande zote mbili. Anayenunua "robo seksheni, ekari 160" kona ile bila kusoma ramani ya upimaji, ajue anaweza kukuta si 160.

Ndiyo maana pia barabara iliyonyooka kama rula ghafla inakata kona mbili katikati ya mahindi. Hapo umevuka mstari wa marekebisho, pale wapimaji walipoanza vipimo upya kurekebisha kule kusogeleana. Dereva asiyejua wakati wa ukungu anaingia shambani.

Dada wa Ohio:
Na hapo hujagusa Ohio. Wilaya ya zamani ya kijeshi ya Virginia haikupimwa kwa miraba kabisa, mipaka ilifuata miti na mito, taunishipu zake hazina umbo. Halafu huku wanaoongoza ni trasti watatu na ofisa wa fedha, miaka minne minne. Kila mtu anasema "Midwest" kana kwamba ni wilaya moja.

Mtaa wa Ziwani:
Dada, nimeanza na Minnesota, soma juu. Mpima, hesabu ya barabara je? Au mnyororo umekatika?

Mpima Mnyororo:
Haujakatika. Kama kila mstari wa seksheni una barabara: ndani mistari mitano kila upande, mara maili 6, mara mbili, ni 60. Mpakani ni 24, lakini mnagawana na jirani nusu kwa nusu, baki 12. Jumla 72. Toa za jimbo, toa za kaunti, toa palipo na ziwa. Upana wa hifadhi ya barabara ni futi 66, mnyororo uleule, 33 kila upande wa mstari. Ndani ya huo upana hutakiwi kulima, na kila mwaka kuna mtu analima.

Nje Ndani:
Mimi narudi kwa Greda, maana kuna jambo linasemwa hapa kwa kujiamini mno. Mawimbi hayaletwi na greda. Yanaletwa na madereva. Nenda kaangalie yalipo: kabla ya alama ya kusimama, kwenye kupanda, kwenye kona. Ni pale watu wanapofunga breki au kukanyaga mafuta.

Greda Taratibu:
Madereva wapo kila mahali, mawimbi hayapo kila mahali. Tatizo jingine, na kubwa kuliko yote, ni changarawe yenyewe. Bodi inapiga simu machimboni inaomba "daraja la 5" kwa sababu ndilo linalouzwa sana. Hiyo ni ya tabaka la chini, udongo wake laini hautoshi. Ya juu ni daraja la 1, yenye chembe laini za kutosha kushikana. Ukimwaga ya chini juu, kokoto zinaelea, zinakimbilia ukingoni, mwisho ziko mtaroni na barabara imebaki uchi. Halafu wanamlaumu mwendesha greda.

Na si vitu vidogo. Inchi moja tu ya changarawe kwa maili moja, upana futi 24, ni kama yadi za ujazo 390. Lori za yadi 12 zipatazo 33. Inchi moja!

Nje Ndani:
Sasa kama unajua hivyo, kwa nini mnapita juu juu? Mawimbi hayaondoki kwa kujaza mabonde. Inabidi ukate mpaka chini ya bonde, uchanganye kukiwa na unyevu, ulaze upya, ushindilie. Mnapita siku kavu, mnasukuma vumbi, baada ya siku chache mawimbi yamerudi palepale. Hapo nalipia kitu gani?

Greda Taratibu:
Unyevu unauagiza dukani? Mvua ikinyesha, taunishipu zote kaunti nzima zinamtaka mwendesha greda yuleyule, siku ileile. Mtaa wa Ziwani ajue hilo pia: taunishipu nyingi tayari zina mkataba na kaunti au na mkandarasi. Hiyo "greda ya kaunti" unayoililia huenda ndiyo inayopita mlangoni kwako.

Nje Ndani:
Mlangoni kwangu haipiti kitu. Na kura sina.

Karani Mstaafu:
Huna kwa sababu gani?

Nje Ndani:
Kwa sababu ardhi iko huku na makazi yako kule. Ekari zinalipa, mwenye ekari ananyamazishwa. Taunishipu za maziwani nusu ya kodi inatoka kwa wenye nyumba za likizo, na Machi wanaonyoosha mikono ni wenyeji kumi na wawili.

Karani Mstaafu:
Anayepiga kura ni raia, mkazi, miaka 18 na zaidi. Hiyo "nusu" umeitoa mfukoni, inategemea taunishipu. Kikao ni cha wazi, unaweza kuja, mwenye grini kadi anaweza kuja, na mwenyekiti akikuruhusu unasema. Kura ndiyo huna. Hata ukiwa na ekari elfu. Demokrasia haipimwi kwa ekari, bosi.

Nje Ndani:
Maneno matamu ya mtu ambaye shemeji yake ndiye anayekata nyasi za kandokando ya barabara kwa fedha ya taunishipu.

Karani Mstaafu:
Acha kunizulia. Na ujifunze sheria kabla ya kurusha matope. Msimamizi mwenyewe akitaka kufanya kazi hiyo kwa trekta lake, waliobaki lazima wakubali kwa kauli moja, kwa azimio la maandishi linalosema bei haizidi ya kwingine, naye anaweka hati ya kiapo kwa karani kabla ya kulipwa. Kinachoharibika ni pale wanapokubaliana kwa mdomo mezani, azimio linaandikwa baada ya hundi. Mkaguzi akifika hapo hakuna utetezi.

Jingine linalowaponza: bodi ni watu watatu, wawili ni akidi. Wasimamizi wawili wakikutana duka la pembejeo wakaanza kujadili kalavati la nani libadilishwe, hicho ni kikao, na hakikutangazwa.

Kijana wa Iowa:
Yaani wawili hawawezi kunywa kahawa? Ndiyo maana nasema zifutwe.

Karani Mstaafu:
Wanywe. Wasijadili kalavati.

Dada wa Ohio:
Mmekaza shingo kwenye mawimbi na kahawa, na maji ndiyo yanayoua barabara. Kalavati la bati linaanza kuoza sakafuni, juu linaonekana zima. Chungulia ndani kwa tochi majira ya kiangazi, maji yakiwa chini. Ukiona kutu imetoboa, udongo wa juu unaanza kunyonywa, siku moja unakuta shimo katikati ya njia. Wengi wanabadilisha kwa kipenyo kilekile cha zamani, wakati mashamba ya juu yameshafukiwa mabomba ya kutoa maji na mvua inafika kwa kasi zaidi. Na kalavati lenye uwazi unaozidi futi 20 ni daraja kwa hesabu za serikali kuu, linakaguliwa na mtaalamu, kwa kawaida kila miezi 24.

Mtaa wa Ziwani:
Mtaalamu. Wa kaunti. Nashukuru.

Greda Taratibu:
Na kuna barabara hazihitaji mtaalamu wala greda. Bodi inaweza kupitisha azimio kwamba njia fulani ni ya matengenezo ya chini kabisa, inaweka vibao kila upande kwamba unapita kwa hatari yako. Mwenye shamba anaingia na trekta, basi la shule halipiti. Kwa nini hazipunguzwi kwa njia hiyo? Kwa sababu kila mtu anataka ya mwenzake ndiyo ishushwe. Kisha theluji ikiyeyuka, kikomo cha uzito kwenye njia za changarawe kinashushwa hadi tani 5 kwa ekseli, mwenye lori la mahindi anapita usiku wa manane na tani zake zote, asubuhi anakuja kulalamika mashimo.

Nje Ndani:
Mimi sina lori la mahindi. Nina swali ambalo labda Karani atalijibu bila matusi. Jirani ana ng'ombe, mimi sina. Anataka seng'enge mpakani na anataka nilipe nusu. Hilo nalo ni la taunishipu?

Karani Mstaafu:
Ni la taunishipu. Wasimamizi ndio wakaguzi wa uzio. Kwa sheria ya zamani, ardhi ikiwa imeendelezwa na kutumika, mmoja akitaka uzio, gharama ilikuwa sawa kwa sawa.

Kijana wa Iowa:
Na mnagawana kwa mkono wa kulia. Kila mmoja anasimama kwenye ardhi yake katikati ya mstari, mnatazamana, kipande cha kulia kwako ni chako.

Dada wa Ohio:
Hiyo ni desturi, usimuuzie mtu kama sheria. Na kama kipande cha kulia ni kinamasi?

Karani Mstaafu:
Basi hamkubaliani, mnawaita wakaguzi. Wanakuja kuangalia, wanaandika nani ajenge wapi kwenda wapi, karatasi inahifadhiwa kwa karani. Anayekaidi, mwenzake anajenga na kumdai. Kwa hiyo Nje Ndani, kabla hujagoma, mwombe jirani akuonyeshe kwanza alama ya mpimaji iko wapi. Seng'enge ya zamani si ushahidi wa mpaka.

Mpima Mnyororo:
Hasa kama ni seksheni ya 6. Ni namba ngapi yako?

Nje Ndani:
7.

Mpima Mnyororo:
Upande wa magharibi wa hiyo saba, au mashariki?