Tupeane uzoefu: majaribio ya sayansi na kazi za mikono mlizofanya na watoto nyumbani

Mama wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naanza na la kwangu, nanyi mlete yenu.

Binti yangu ana miaka saba, yupo darasa la pili. Mwezi uliopita alijimwagia mchuzi wa manjano kwenye shati jeupe la shule. Nikaloweka, nikachukua sabuni ya mche, nikaanza kufikicha. Doa lilikuwa la njano, lakini lilipokutana na sabuni likageuka jekundu, wekundu wa damu iliyokauka. Mtoto akapiga ukelele: "Mama, shati linatoka damu!" Nilitaka kumwambia anyamaze nimalize kufua. Kisha nikajiuliza, hivi kwa nini? Miaka yote nafua na naliona hilo, sijawahi kuuliza.

Tukaacha kufua. Tukakoroga kijiko cha manjano ya unga na maji kidogo, tukapaka kwenye vipande vya karatasi nyeupe, tukavianika. Kesho yake akapewa kijiti chenye pamba. Akagusa sabuni, karatasi ikawa nyekundu. Akagusa magadi, wekundu ukakolea zaidi. Akadondosha ndimu juu ya wekundu ule ule, njano ikarudi. Alikaa pale saa nzima akijaribu kila kilichomo jikoni: siki, chumvi, maziwa, majivu yaliyolowekwa, mpaka mate yake. Majivu yaligeuza, chumvi haikufanya kitu. Mwenyewe akapanga mafungu mawili sakafuni, "vinavyogeuza" na "visivyogeuza". Ndipo nikamwambia kwamba vile vinavyogeuza vinaitwa besi, na ndimu na siki ni asidi. Jina lilikuja mwisho, na naamini ndiyo maana mpaka leo halijamtoka.

(Doa lilitoka kwa kuanikwa juani siku mbili. Manjano haivumilii jua.)

Sasa semeni: umefanya nini na mtoto kwa vitu vya nyumbani, na kilikwendaje? Hata kilichogoma kileteni.

Muuza Juisi, Dodoma

Dada, jaribu na rozela. Mimi nachemsha ya kuuza kila asubuhi. Mwanangu alitia magadi kidogo kwenye glasi, wekundu ukageuka kijani cha giza mbele ya macho yetu. Akakamulia limau, povu likapanda, wekundu ukarudi. Glasi hiyo msinywe.

Fundi Redio, Morogoro

Natengeneza redio na tochi. Binti yangu wa miaka tisa akitoka shule hushinda nami kibandani. Siku moja akaniuliza, betri ndani ina nini? Kuipasua sikumruhusu, mle mna kemikali za kuunguza ngozi. Nikamwambia tutengeneze ya kwetu.

Tulichukua ndimu tatu kubwa, misumari mitatu ya bati (ile inayong'aa kwa sababu imepakwa zinki) na vipande vitatu vya waya wa shaba uliomenywa. Kila ndimu inachomwa msumari upande mmoja na shaba upande wa pili, visigusane humo ndani. Halafu shaba ya ndimu hii inaungwa na msumari wa ndimu inayofuata. Kwenye mita, ndimu moja ilisoma karibu volti 0.9.

Yeye alichagua kitaa cheupe cha LED kilichotoka kwenye tochi mbovu. Tukaunga, kimya. Akageuza miguu ya kitaa, kimya. Akaminyaminya ndimu ili maji yaenee ndani, kimya. Mimi nilishajua tatizo liko wapi, ila nikajikaza nisiseme, na kwa fundi hilo ni gumu jamani. Akalifuata kopo langu la vipuri, akaokota vitaa vyote, akavijaribu kimoja baada ya kingine. Kile chekundu kidogo, cha kuonyesha redio imewashwa, kikawaka. Hafifu mno, ikabidi tukizungushie viganja ndipo tukione. Alikiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno, na mteja alikuwa amesimama dirishani akisubiri.

Baadaye ndiyo nikamweleza kwamba kitaa chekundu kinatosheka na volti mbili kasoro, cheupe kinataka karibu tatu, na umeme wa ndimu hupungua ukianza kutumika. Kwa hiyo rangi ya taa ina bei yake. Neno "bei" amelishika, sasa ananiuliza bei ya kijani na ya bluu.

Ndimu hizo zitupwe. Zinki inayeyukia humo, hazifai tena kukamulia chakula.

Baba Pacha, Mombasa

Huku Kenya na mtaala wa umilisi (CBC), kazi za mikono zinaletwa nyumbani mara kwa mara, nami nina uchungu wa kusema. Mwanangu mmoja alipeleka gari alilolisuka mwenyewe kwa waya, magurudumu ya vifuniko vya chupa, moja kubwa kuliko mengine. Lilipata alama ndogo kuliko gari la mwenzake lililonunuliwa mjini likiwa limepakwa rangi. Mtoto aliliona hilo. Wiki nzima hakugusa waya. Shule siitaji. Nawaambia wazazi wenzangu: kazi ya mtoto tusimfanyie wala tusimnunulie, twawaumiza wote wawili, wako na wa jirani.

Kilichomrudishia mikono ni kishada. Zamani sisi tulitumia mifuko ya nailoni, lakini hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo tukarudi kwenye gazeti kama walivyofanya wazee. Vijiti viwili vya chelewa vimepishana katikati na kufungwa uzi, gazeti likabandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Tulingoja kaskazi ya Januari, tukaenda ufuoni, mbali na nyaya za umeme.

Mara ya kwanza kilizunguka kama pia kikajichoma mchangani. Mmoja akasema gazeti ni zito, mwenziwe akasema hakina mkia. Nikawaambia jaribuni yote mawili, ila moja moja. Wakafunga mkia wa kanga kuukuu, mrefu kupita kiasi: kishada kikatulia lakini hakikupanda. Wakawa wapunguza kwa mkasi, shibiri moja, warusha, shibiri nyengine, warusha. Kwenye shibiri ya tano kikapanda mpaka uzi ukaisha. Vile vipande vya kanga walivyokata wameviweka kwenye kopo, hawataki nitupe.

Mama wa Tabata

Baba Pacha, pole kwa hilo la gari. Mwambie kijana kwamba huku Tabata kuna mtu anataka kuliona lile gurudumu kubwa. Wenye watoto wadogo zaidi, wa miaka mitatu au minne, mnafanya nini?

Bibi wa Pangani

Wanangu, naandikiwa na mjukuu. Sisi tuna hamira. Chupa mbili za maji, kila moja kijiko cha hamira na kijiko cha sukari. Moja tia maji ya uvuguvugu, nyingine mtu mzima aitie maji ya moto, akiyaacha yapoe kidogo chupa isijikunje. Vika kila chupa puto mdomoni. Puto la uvuguvugu husimama taratibu mpaka mtoto hucheka. La maji ya moto hulala vile vile, kwani hamira imekufa. Sasa mjukuu wangu wa miaka minne ndiye anayechovya kidole kwenye maji ninapokanda unga wa maandazi, ananiambia "bibi, yataiua haya."

Mama wa Kilombero

Yangu wengine watayaona machafu, lakini ndiyo iliyobadilisha nyumba yangu.

Mwanangu wa miaka kumi alikuwa hapendi kulala ndani ya chandarua. Kila usiku vita. Nikachota maji yenye viluwiluwi vya mbu kwenye dimbwi la mvua pembeni ya shamba la mpunga, nikajaza chupa ya plastiki iliyokatwa juu, nikafunika kwa kipande cha chandarua kuukuu, nikafunga kwa mpira mara mbili. Chupa ya pili nikachota mtaro wa maji machafu nyuma ya choo. Tukaziweka kibarazani kivulini.

Akagundua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba hawafanani. Wa dimbwini wengi wao wamelala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vilivyoelea. Wa mtaroni wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa juu. Wale wanaolala ni wa mbu aina ya Anofelesi, anayeeneza malaria. Wanaoning'inia wanapumulia kwa kijibomba kilicho mkiani, na wengi wa mtaroni ni Kuleksi. Baada ya siku kadhaa wakajikunja, wakawa na umbo la alama ya koma. Asubuhi moja akaniamsha kabla ya adhana: mbu alikuwa amesimama juu ya ganda lake mwenyewe, juu ya maji, anakausha mabawa, miguu imekunjuka mirefu kama nyuzi.

Chupa zote mbili tulizimwagia maji ya moto kabla hata kifuniko hakijafunguliwa. Msifanye hili kama hamuwezi kuchunga hicho kifuniko. Usiku ule alichomeka chandarua chini ya godoro kwa mikono yake, akazunguka kitanda kizima akikagua matundu. Kisha akaenda kukagua cha mdogo wake.

Baba wa Mbagala

Sisi ni kijiti tu. Nilichimbia kijiti wima uani, kila saa vijana wanaweka kisoda kwenye ncha ya kivuli. Jambo la kwanza waliloliona: saa zetu za Kiswahili zinafuata jua. Saa moja limechomoza, saa sita liko juu, saa kumi na mbili linazama. Mkubwa akaniuliza kwa nini simu inasema saba wakati ni saa moja, nikakosa la kusema papo hapo. La pili: hapa Dar, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa na kijiti kinakosa kivuli. Ukiweka ndoo yenye maji unaliona jua katikati ya ndoo. Wasilikodolee macho, hata kwenye maji linaumiza. Watazame kivuli.

Mama wa Maskati

Kaka wa Mbagala, umenigusa. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Oman. Hapa kivuli kinakaribia kupotea mara moja tu kwa mwaka, tarehe 21 Juni hivi. Mwaka jana wanangu wakapanga na binamu zao wa Unguja: kila upande kijiti cha mita moja, kila upande wapime kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote siku hiyo. Tarehe 21 Unguja kulikuwa na mawingu, watoto wakanuna. Nikawaambia wapime kesho yake, siku hizo jua halihami sana.

Huku kwetu kivuli kilikuwa kama unene wa sarafu. Wa Unguja wakatuma sauti kwa WhatsApp, wanapiga kelele wote kwa pamoja: sentimita hamsini na saba! Wanangu wakachora pembetatu kwenye karatasi, wakapima kwa kipimapembe, wakapata nyuzi karibu 30. Duara zima ni nyuzi 360, kwa hiyo kutoka hapa mpaka Unguja ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko wa dunia. Kwenye ramani wakapima umbali wa kutoka kaskazini kwenda kusini peke yake, bila ya kuhesabu ule wa kwenda magharibi, wakapata kama kilomita 3,300. Zidisha kwa kumi na mbili: 39,600. Mzunguko wenyewe wa dunia ni karibu kilomita 40,000.

Mgiriki mmoja, Eratosthenes, alipiga hesabu ya namna hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa vivuli vya Iskandaria na jua la Aswan. Wanangu niliwaambia baada ya wao kumaliza. Mdogo alikasirika, akasema kumbe kuna mtu katutangulia! Mkubwa akampigia binamu yake kumwambia, na wakabaki kwenye simu saa nzima wakipanga mji gani wajaribu nao tena.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Nimesoma yote na nimefurahi sana. Kwa wenye friji, mpeni mtoto jaribio la kijana wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza ikawa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia ya baridi. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipofika sekondari ya Mkwawa hapa Iringa akamuuliza Dk. Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, na wenzake wakacheka. Osborne akalipeleka swali maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini.

Nilifanya na wajukuu kwa makopo mawili yanayofanana na kiasi kile kile cha maji. Mara mbili la baridi liliwahi, mara moja la moto. Mara ya nne umeme ukakatika. Mjukuu akaandika yote daftarini, pamoja na ule umeme, na chini yake akaandika: "Mara ya tatu kopo la moto lilikaa juu ya barafu ya zamani." Nilifundisha miaka mingi. Sentensi kama ile nimeipata kwa wanafunzi wachache.

Mama wa Tabata

Mwalimu shikamoo, Bibi shikamoo. Nimemsomea binti baadhi ya haya usiku, akalala amechelewa. Leo tumechimbia kijiti uani. Saa sita kivuli kimeangukia upande wa kusini, kwenye mlango wa jiko, akauliza kwa nini huko na si upande wa barabarani. Sijamjibu. Ameweka kisoda cha kwanza, amekikandamiza kwa kisigino, na ameniambia kesho tusifagie uwanja.